Robo Toni Bila Kizunguzungu: Vidokezo 8 kwa Mpenda Muziki

Jaribu kupiga wimbo wa taarab asilia kwenye kinanda cha kawaida: kuna noti zitakukwepa. Ukibonyeza mi, imepanda mno. Ukibonyeza kitufe cheusi kilicho chini yake, imeshuka mno. Noti unayoitaka ipo katikati na kinanda hakina kitufe chake. Mfumo wa sauti 24 sawa huipa noti hiyo mahali pake. Kabla hujauingia, soma haya.

1. Anza na hesabu, ni fupi

Oktava ni safari ya kutoka do hadi do ya juu, ambako kasi ya mtetemo huwa imeongezeka maradufu. Kinanda huigawa safari hiyo hatua 12 zinazolingana. Mwingereza Alexander Ellis ndiye aliyetupa kipimo cha senti, na mwaka 1885 alikitumia kulinganisha skeli za mataifa mbalimbali: oktava ni senti 1,200, nusu toni ni senti 100. Kata kila nusu toni katikati, utapata hatua 24 za senti 50 kila moja. Hiyo ndiyo robo toni.

Angalizo dogo: kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, hatua hizi huzidishwa, hazijumlishwi. Ukiwa kwenye la ya hezi 440, zidisha kwa 1.0293 upate robo toni ya juu yake, kama hezi 452.9. Zidisha tena, unafika kwenye nusu toni, hezi 466.2. Kadiri unavyopanda, pengo la hezi hupanuka ingawa sikio linasikia hatua ileile.

2. Usitupe ulichonacho

Noti zako 12 zote zimo ndani ya 24, bila hata moja kusogea. Nyimbo za kwaya, kodi za gitaa na mazoezi yako ya kila siku vinabaki kama vilivyo. Umeongezewa tu noti 12 nyingine katikati. Hapa ndipo mfumo huu unapoishinda mifumo ya hatua 19 au 31, ambayo hukulazimisha kusogeza karibu kila noti uliyoizoea.

3. Itafute kwa simu yako

Fungua programu ya kutyuni. Piga uzi wa gitaa, kisha ulegeze taratibu huku ukitazama sindano. Itasogea kushoto: senti 10, 20, 30, 40. Ikifika 50, programu inababaika. Mara inakuambia ni noti ileile imeshuka, mara inakuambia ni noti ya chini yake imepanda. Shika hapohapo. Programu imetengenezwa kwa hatua 12, na wewe umesimama mpakani, kwenye robo toni kamili.

4. Zoesha sikio kwa tatu ya katikati

Wapiga muziki wengi tunajua tatu mbili: tatu ndogo ya senti 300, yenye huzuni, na tatu kubwa ya senti 400, yenye uchangamfu. Mfumo wa 24 unakuletea ya tatu, ya senti 350, isiyoegemea upande wowote. Ukianza na do ya hezi 261.6, noti hiyo iko kwenye hezi 320.2, kati ya mi-flati ya 311.1 na mi ya 329.6.

Maqam ya Rast, mojawapo ya skeli za muziki wa Kiarabu, imejengwa juu yake. Imba do, re, mi iliyoshushwa robo, fa, so, la, ti iliyoshushwa robo, do. Kwa senti, hatua zake ni 200, 150, 150, 200, 200, 150, 150. Bayati nayo inaanzia re na kupitia mi hiyohiyo: 150, 150, 200. Kama umewahi kukaa kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani, masikio yako yanazijua tangu zamani, hata kama majina hukuyajua.

Lakini usidhani kila chenye ladha ya Kiarabu kina robo toni. Hijaz, kwenye mfumo huu, huanza kwa hatua za 100, 300 na 100. Kinanda chochote cha mtaani kinaiweza.

5. Jua inachotoa na isichotoa

Sauti ya 11 katika mfululizo wa mitetemo ya asili, ile ambayo tarumbeta isiyo na vali huitoa na kusikika kama imekosea, iko kwenye senti 551.3 ikihesabiwa ndani ya oktava moja. Mfumo wa 24 una noti ya senti 550. Tofauti hiyo sikio haliishiki.

Tatu kubwa safi, yenye uwiano wa 5 kwa 4, iko kwenye senti 386. Hapo mfumo wa 24 haukusaidii hata kidogo: una 350 na 400, na iliyo karibu ni ileile 400 ya kinanda. Sauti ya 7 ya asili, kwenye senti 969, nayo inakosewa kwa karibu senti 19. Ukitaka tatu tamu, nenda kwenye hatua 31. Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, aliandika kuhusu mfumo huo mwaka 1691, na tatu yake inakosea kwa chini ya senti moja.

6. Usizunguke kwa tano

Kwenye kinanda, ukipanda kwa tano (do, so, re, la na kuendelea) unazifikia noti zote 12. Kwenye mfumo wa 24 ujanja huo unakwama: utazunguka zilezile 12 na kurudi do bila kugusa robo toni hata moja. Tano ina hatua 14, namba shufwa, na 24 pia ni shufwa, kwa hiyo unaruka noti mpya zote. Tumia tatu ya katikati. Ina hatua 7, na ukipanda nayo utazipitia noti zote 24 kabla ya kurudi nyumbani. Tena ukiziweka mbili pamoja unapata tano kamili: 350 na 350 ni 700.

7. Chagua ala kwa akili

Udi na fidla havina vizuizi shingoni, kwa hiyo robo toni iko kwenye kidole chako. Ganuni ina nyuzi tatutatu kwa kila noti, na upande wa kushoto ina vibati vidogo vya chuma. Ukikiinua kimoja, uzi unafupika na noti inapanda kidogo. Ndiyo maana utamwona mpigaji akivigusa harakaharaka katikati ya wimbo.

Kwenye kinanda cha umeme, tafuta kwenye menyu sehemu ya kurekebisha skeli, kisha shusha mi na ti kwa senti 50. Rast imekuja. Kama mna magitaa mawili, moja litwae la ya 440 na jingine la ya 427.5, mtakuwa na noti zote 24 kati yenu. Mmarekani Charles Ives alifanya hivyo kwa piano mbili katika miaka ya 1920.

8. Sikio ndilo hakimu

Mikhail Mishaqa, tabibu wa Damascus, aliandika juu ya hatua 24 sawa katika karne ya 19. Mwaka 1932 wataalamu walikusanyika Cairo kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu, mtunzi wa Hungaria Béla Bartók akiwa miongoni mwa wageni, na suala la hatua hizo likazua mabishano makali. Sababu ni kwamba wapigaji wenyewe hawasimami kwenye senti 50 kamili. Mi ya Rast huwa juu kidogo kuliko mi ya Bayati, na Waturuki huigawa toni moja vipande tisa ili wasipoteze tofauti kama hizo.

Kwa hiyo itumie robo toni kama rula: ikupe mahali pa kuanzia, kisha mchukue mwalimu wa kweli. Tafuta rekodi za Ikhwani Safaa, kikundi cha Zanzibar kilichoanzishwa 1905. Chagua wimbo mmoja, uimbe polepole pamoja na fidla, na uirudie ile mi hadi uache kuitazama simu. Ukifika hapo, hesabu imemaliza kazi yake.