Windows na Ubuntu kwenye Laptopu Moja

Unataka kujaribu Ubuntu bila kuaga Windows? Inawezekana. Ila tunajua rekodi zako za mauzo zimo humo, kwa hivyo twende polepole.

1. Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Hapa usiruke!
2. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Bila huo, unaweza kufungiwa nje.
3. Ukiwa ndani ya Windows, punguza nafasi yake kwenye diski ili ubaki na angalau GB 25 wazi.
4. Washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu. Chagua kuiweka kando ya Windows, usichague kufuta diski.

Ukiwasha tena, menyu itakuuliza unataka mfumo upi. Umemwachia fundi kazi hiyo? Sawa, lakini PIN yako usimpe.