Printa Moja, Kompyuta Sita: Simamia Foleni ya Kuchapisha Usipoteze Karatasi, Pesa na Wateja

Leo tunaongea na wenye saiba, maduka ya vifaa vya shule na ofisi ndogo ambazo kompyuta nyingi zinatumia printa moja.

Tuanze na hali ambayo pengine unaijua. Ni Jumatatu, saa nne asubuhi. Kijana mwenye mahojiano ya kazi saa tano ameketi kwenye kompyuta ya nne. Ana CV na vyeti, jumla kurasa 4. Analipa shilingi 40 kwa namba yako ya till na ujumbe unaingia. Anabonyeza kuprinti. Printa kimya.

"Madam, mbona haitoki?"

"Bonyeza tena, bosi."

Anabonyeza tena. Kimya. Anabonyeza mara ya tatu. Dakika mbili baadaye printa inaamka na kutoa kurasa 12, na katikati ya hizo kurasa kuna taarifa ya miamala ya mama aliyeketi kwenye kompyuta ya kwanza. Kijana anabeba rundo lote na kukimbilia matatu. Wewe umelipwa kurasa 4 na umetoa 12, na mama wa watu siri zake za pesa ziko kwenye begi la mtu asiyemjua.

Hapo malipo hayakuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa kwenye foleni.

Foleni ya kuchapisha ni nini?

Ukibonyeza kuprinti, hati yako haiendi moja kwa moja kwenye printa. Kompyuta inaihifadhi kwanza kwenye diski, inaipanga nyuma ya kazi zilizotangulia, halafu inaipeleka printani zamu yake ikifika. Ni kama abiria wanaopanda matatu steji. Wa kwanza akikwama mlangoni na gunia lake, walio nyuma wote wanangoja, hata kama wao hawana mzigo.

Kwa hivyo kubonyeza mara ya pili hakuisukumi kazi ya kwanza. Kunaongeza abiria mwingine nyuma ya laini. Ni kosa lile lile la mtu anayetuma pesa, ujumbe unachelewa kidogo, anatuma tena, kisha anagundua zimeenda mara mbili. Kanuni ni moja kwa pesa na kwa karatasi: angalia kwanza, ndipo utume tena.

Hatua ya kwanza: foleni moja, msimamizi mmoja

Kuna njia mbili za kawaida za kuunganisha printa na kompyuta nyingi. Ya kwanza, printa inachomekwa kwa waya kwenye kompyuta moja, na hiyo kompyuta inawagawia wenzake. Ni rahisi, lakini kompyuta hiyo ikizimwa au ikilala, wengine wote wamekwama.

Ya pili, printa inaunganishwa na rauta kwa waya au waifai na kupata anwani yake kwenye mtandao. Kila kompyuta inaifikia yenyewe. Hapa wengi huteleza, kwa sababu sasa kila kompyuta ina foleni yake. Ukiwa kaunta huoni kilichokwama kwenye kompyuta ya tano. Unafuta kazi zote za kompyuta yako, na bado printa inatoa karatasi usizozijua.

Ushauri wetu ni kuchanganya njia hizo mbili. Ipe printa anwani yake kwenye mtandao, lakini iweke kwenye kompyuta ya kaunta pekee, halafu kompyuta ya kaunta iwagawie wengine. Kila kazi itapitia kaunta na utaiona. Zima mpangilio wa kulala kwenye kompyuta hiyo, na usiikodishe kwa mteja hata siku za msongamano.

Hatua ya pili: printa isihamehame

Umeshawahi kuona stima ikipotea, ikirudi printa inawaka vizuri lakini kompyuta zinasema haipo? Mara nyingi ni suala la anwani. Rauta hugawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga, na baada ya kuzimika inaweza kuipa printa anwani tofauti na ya jana. Kompyuta inaendelea kubisha kwenye nyumba ya zamani.

Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta na kuitengea printa anwani moja ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.50. Kama hujui anwani ya sasa, chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe. Printa nyingi za mtandao zina huo ukurasa kwenye menyu. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, jua printa haijapata anwani kutoka kwa rauta. Angalia waya au waifai kabla ya kugusa kompyuta.

Hatua ya tatu: kazi ikikwama, fuata mpangilio huu

1. *Waambie wote waache kubonyeza.* Sema kwa upole: "Jamani, tungoje kidogo, kuna kazi imekwama."

2. *Angalia printa yenyewe.* Karatasi zipo? Kuna iliyokwama ndani? Wino upo? Pia soma kioo chake kidogo. Hati nyingi za kutoka mtandaoni zimepangwa kwa saizi ya Letter inayotumika Marekani, ilhali sisi tunatumia A4. Printa nyingine husimama kabisa ikingoja karatasi ambayo hata hauuzi. Badilisha saizi iwe A4, utume upya.

3. *Fungua foleni kwenye kaunta.* Kwenye Windows, nenda kwenye orodha ya printa, chagua yako, fungua foleni yake. Hakikisha hakuna alama kwenye "Pause Printing" wala "Use Printer Offline". Alama moja ndogo hapo inaweza kusimamisha duka zima.

4. *Futa kazi iliyokwama peke yake.* Kwa kawaida ni ile ya juu kabisa. Usikimbilie kufuta zote. Hizo zingine ni za watu waliolipa. Mwambie mwenye kazi kwamba umeifuta, ili aitume mara moja tu.

5. *Ikikataa kufutika, washa upya huduma ya foleni.* Kwanza andika kwenye karatasi nani anangoja nini, kwa sababu hatua hii inafuta kazi za kila mtu. Kisha tafuta services.msc, fungua "Print Spooler" na ubonyeze "Stop". Nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute faili zilizo ndani, usifute folda yenyewe. Rudi ubonyeze "Start". Utahitaji akaunti ya msimamizi wa kompyuta.

Kama kaunta yako inatumia Linux, kazi ni ile ile kwa maneno mengine. *lpstat -o* inaonyesha kazi zilizo kwenye foleni, *cancel* pamoja na namba ya kazi inafuta moja, na *cupsenable* pamoja na jina la printa inaifungua foleni iliyosimamishwa.

Hatua ya nne: kila kiti na jina lake

Kwenye saiba nyingi kompyuta zote zinaingia kwa akaunti moja yenye jina kama "user". Ukifungua foleni unaona kazi nane, zote za "user". Utajuaje ya nani?

Tengeneza akaunti ya kila kompyuta: kiti1, kiti2, mpaka kiti6. Foleni itakuonyesha jina la aliyetuma kazi, jina la hati na idadi ya kurasa. Sasa unaweza kuuliza, "Kiti cha nne, umetuma CV mara tatu, unataka nakala tatu?" kabla karatasi haijaharibika.

Upande wa ruhusa, Windows inatenganisha mambo matatu: kuchapisha, kusimamia hati, na kusimamia printa. Wateja wanahitaji ile ya kwanza tu. Wataweza kufuta kazi zao wenyewe, lakini si za jirani. Hizo nyingine mbili zibaki kaunta, na pasiwadi ya kaunta isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kioo.

Siku za msongamano, kama wakati wa kuprinti fomu za kujiunga na shule, simamisha foleni kwa muda, pitia orodha, futa zilizojirudia, kisha iachilie. Dakika moja ya kuangalia inaokoa nusu rimu.

Hatua ya tano: linganisha karatasi na malipo

Printa nyingi za ofisi huhesabu kurasa zote zilizowahi kutoa. Namba hiyo utaipata kwenye ule ukurasa wa mipangilio au kwenye menyu. Iandike asubuhi ukifungua na jioni ukifunga.

Tuseme asubuhi ilikuwa 18,240 na jioni 18,452. Umetoa kurasa 212. Unatoza shilingi 10 kwa ukurasa, na ukijumlisha malipo ya kuprinti kwenye till na yale ya taslimu unapata shilingi 1,900, yaani kurasa 190. Kurasa 22 hazina pesa. Kwenye kikapu unahesabu 9 zilizoharibika. Zinabaki 13, ambazo ni shilingi 130 za mauzo yasiyoonekana. Kwa siku moja utasema si kitu. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,380.

Usianze kwa kumshuku mfanyakazi. Anza na foleni: kazi zilizotumwa mara mbili, nakala zilizowekwa 2 badala ya 1, na mteja aliyechukua rundo lisilo lake.

Na kazi ikishindikana kabisa na mteja anataka pesa zake? Mrudishie kupitia njia ile ile aliyolipia, baada ya kuona muamala wenyewe kwenye akaunti yako ya biashara, si kwenye simu yake. Ukimpa taslimu, anaweza kwenda nje na kuomba muamala ule ule urudishwe. Hapo utakuwa umelipa mara mbili, na karatasi haukuuza.

Karatasi ya mtu ni siri ya mtu

Turudi kwa yule mama wa kompyuta ya kwanza. Taarifa yake ya miamala inaonyesha jina lake, namba yake ya simu, anayemtumia pesa na kiasi gani. Nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN ya KRA ni hivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu wanaoshughulikia taarifa za watu, na biashara ndogo haijaachwa nje kwa sababu tu ni ndogo.

Kwa hivyo weka printa nyuma ya kaunta, si katikati ya wateja. Mkabidhi kila mtu karatasi zake mkononi na umwombe azihesabu. Zilizoharibika zichanwe, zisifungiwe njugu wala zisitumike kama karatasi za hesabu. Kwenye mipangilio ya printa hakikisha "Keep printed documents" haina alama, la sivyo hati zitabaki kwenye foleni hata baada ya kuchapishwa. Mteja akikutumia hati kwa WhatsApp au barua pepe, ifute mbele yake ukimaliza. Kama printa yako inaweza kushikilia kazi hadi mwenyewe aweke namba ya siri kwenye printa, itumie kwa hati nyeti. Namba hiyo iwe tofauti na PIN ya pesa zake, na wewe usiulize PIN hiyo ya pesa kamwe.

Bandika hii ukutani

- Bonyeza mara moja, kisha ungoje.
- Haijatoka? Uliza kaunta kabla ya kutuma tena.
- Hakikisha A4 na idadi ya nakala.
- Pokea karatasi zako kaunta, uzihesabu.
- Toka kwenye barua pepe na akaunti zako zote kabla ya kuondoka.

Kazi ya kupanga haya yote ni ya alasiri moja, siku ambayo wateja ni wachache. Anza na mawili leo: hamisha printa nyuma ya kaunta, na uandike namba ya kurasa kabla ya kufunga. Kesho jioni fanya hesabu uone inakuambia nini.