Melankoli: Tabia au Ugonjwa?

Katika semina za ndoa tumezoea kugawanywa kwa tabia nne: sanguini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Mafundisho haya yalienea makanisani hasa kupitia kitabu cha mchungaji Mmarekani, Tim LaHaye, cha mwaka 1966, ila chimbuko lake ni Wagiriki, wala si Biblia.

Kwa Kigiriki, melas ni nyeusi na khole ni nyongo. Waganga wa enzi za Hippocrates, karne ya 5 kabla ya Kristo, na wafuasi wao waliamini kuwa mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu huwa mwenye hofu na huzuni isiyokwisha. Sisi tuliosomea uuguzi tunajua kwamba nyongo nyeusi haipo. Nyongo hutengenezwa na ini, nayo ni ya manjano au kijani. Lakini tusiwacheke: hata sisi husema mambo yametumbukia nyongo, na Ayubu (sura ya 16) analalamika kuwa nyongo yake imemwagwa chini.

Kinachotusumbua ni hiki. Ndugu halali, hali, kwaya ameacha, na akiulizwa anajibu, "Mimi ni melankoli, ndivyo nilivyoumbwa." Upole haumnyimi mtu usingizi! Dalili hizo zikidumu wiki 2, karibu kila siku, huenda ni sonona, neno letu wenyewe, ndugu wa kusononeka. Sonona ina matibabu.

Ukienda kwa daktari hapa Uingereza, usiishie kusema "moyo unaniuma." Likitafsiriwa neno kwa neno, utapimwa mapigo ya moyo na kurudishwa nyumbani. Eleza usingizi, chakula, nguvu za mwili, na kama mawazo ya kufa yanakujia. Mkalimani ni bure, omba mapema unapopanga miadi. Tafadhali usimtumie mtoto wako. Kuna mambo mama hawezi kuyasema kupitia kinywa cha binti yake.

Elia chini ya mretemu (1 Wafalme 19) aliomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumuuliza ana tabia gani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi kumlisha mara ya pili.

Mwenye mawazo ya kujidhuru apige 111 na kuchagua namba 2, saa yoyote, usiku au mchana. Aliyekwisha kujidhuru, 999. Anayetaka kusindikizwa kwa daktari atuone baada ya ibada, pale jikoni.