Jimbo, kata na kijiji: maswali kuhusu uwakilishi wa Mzenga

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, na ndani yake kuna stesheni ya reli ya TAZARA. Katika uchaguzi mkuu mpigakura wa Mzenga huchagua rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa mwaka mwingine. Uchaguzi huo wa chini ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na uchaguzi mkuu tarehe 29 Oktoba 2025.

Anayeishi mpakani mwa Kisarawe na Kibaha hupiga kura jimbo gani?

Alikojiandikisha. Kata ya Mzenga imo katika Jimbo la Kisarawe. Ng'ambo ya mpaka ni Kibaha Vijijini. Kuwa na shamba upande wa pili hakumpi mtu kura ya pili, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Barabara haipitiki masika, bomba halitoi maji, zahanati haina dawa. Mbunge ana kazi gani basi? (Maswali ya aina hii ni mengi, na jibu lake ni moja.)

Hakuna imani inayowagharimu wananchi kama hii ya kwamba mbunge ndiye mjenzi. Wagombea wameilea kwa kugawa mabati, jezi na saruji, na wapigakura wameizoea hadi wanampima mbunge kwa ukarimu wake. Ibara ya 63 ya Katiba haimpi mbunge kazi ya kujenga kitu chochote. Inalipa Bunge kazi ya kumuuliza waziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara katika mkutano wa bajeti, kuidhinisha mipango, kutunga sheria na kuridhia mikataba.

Ujenzi una wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya na vijiji ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2019. Zahanati na shule za msingi zinasimamiwa na halmashauri ya wilaya, na mtendaji mkuu wake ni mkurugenzi, ambaye ni mteule wa rais.

Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, si mkoba wa mbunge. Yeye ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha huingia halmashauri na hukaguliwa kama fedha nyingine za umma. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani nayo ni ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anayesimama jukwaani akidai kwamba ametoa mikopo hiyo mfukoni mwake anawapotosha watu.

Njia halisi ya ombi la barabara huanzia kijijini. Kijiji huandika kipaumbele chake, kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake, hukipitisha, kisha hufika halmashauri, ambako mbunge naye ni mjumbe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo ombi linaloletwa Juni limechelewa mwaka mzima. Mbunge ahukumiwe kwa hayo: aliuliza nini Dodoma, alihudhuria vikao vya halmashauri au hakuhudhuria, na kipaumbele cha kata kiliingia katika bajeti au kiliachwa.

Mbona Kisarawe ina mbunge mmoja na Ilala ya Dar es Salaam ina wanne? Kisarawe haionewi?

Hesabu inasema kinyume. Sensa ya 2012 iliikuta Kisarawe na watu 101,598, na Ilala na watu 1,220,611. Katika uchaguzi wa 2015 Ilala iliyokuwa na majimbo ya Ilala, Ukonga na Segerea ilikuwa na wastani wa watu zaidi ya 400,000 kwa mbunge mmoja. Kwa kipimo hicho, uwakilishi wa mkazi wa Mzenga ulikuwa na uzito mara nne ya ule wa mkazi wa Ukonga.

Katiba inaruhusu tofauti hiyo. Ibara ya 75 inaitaka Tume ya Uchaguzi, inapogawa majimbo, izingatie pia mawasiliano na hali ya kijiografia, na ipitie mgawanyo angalau kila baada ya miaka kumi. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo manane na kufikisha 272. Mawili, Kivule na Chamazi, yako Dar es Salaam, na hakuna hata moja Pwani. Marekani ilichagua njia nyingine: mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wilaya za seneti za majimbo lazima zilingane kwa idadi ya watu.

Je, Tanzania ina seneti?

Haina; Bunge lake lina chumba kimoja. Kenya ina seneti, ambayo kila kaunti kati ya 47 huichagulia seneta mmoja.

Mtu asiye na chama anaweza kugombea udiwani au ubunge?

Hawezi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambayo mwaka 2013 iliamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Sharti la chama bado limo katika Katiba.

Wananchi wanaweza kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano?

Hapana. Chama chake kikimvua uanachama, anapoteza kiti.

Mbunge wa viti maalumu anachaguliwa na nani?

Hapigiwi kura jimboni. Vyama hugawana viti hivyo vya wanawake kwa uwiano wa kura, ilimradi chama kimepata angalau asilimia 5. Wanawake hao hawapaswi kupungua asilimia 30 ya wabunge.

Kuna wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika namba za kadi za mpigakura. Wapewe?

Wasipewe. Kuuza kadi au kukaa na kadi ya mtu mwingine ni kosa la jinai.

Matokeo ya ubunge yanapingwa wapi?

Mahakama Kuu, ndani ya siku 30 tangu kutangazwa. Ya urais hayachunguzwi na mahakama yoyote, kwa mujibu wa Ibara ya 41(7).

Mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa mwaka mzima, na ardhi inagawiwa. Ni halali?

Si halali, na uzembe huu unaumiza kijiji kuliko mbunge yeyote aliyelala bungeni. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa na viongozi huhojiwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Malalamiko yaandikwe na kupelekwa kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na mkurugenzi, na mlalamikaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.