Chanjo Iliyopitwa na Siku Yake

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wa zamani mlio na watoto, nataka kuwaeleza somo nililolipata nje ya darasa, huko kwetu Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, si mbali sana na Mbarara.

Shangazi yangu alitoka Kongo na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alichanjwa alipokuwa wa majuma 6. Chanjo ya pili ilikuwa ya juma la 10, lakini siku hiyo walikuwa njiani wakikimbia. Walipofika, mtoto alikuwa na majuma 18. Nikamsomea shangazi kadi, nikamwambia twende kituo cha afya. Akakataa: "Mwanangu, watanikemea. Tena wataanza upya, mtoto achomwe sindano bure." Majuma mawili yakapita hivyo, hata kikohozi kibaya kikaingia nyumba ya jirani. Ndipo akakubali.

Muuguzi alitazama kadi, wala hakukemea. "Mama, iliyotolewa imehesabiwa. Hatuanzi upya, tunaendelea."

Sababu ni hii: chanjo ya kwanza huufundisha mwili kumtambua adui, na mwili hausahau upesi. Mwanafunzi aliyeugua akirudi shuleni, huendelea alipoachia. Harudishwi darasa la kwanza.

Sasa tufanye hesabu. Chanjo ya kuzuia dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini hutolewa Uganda mara tatu: majuma ya 6, 10 na 14. Kati ya moja na nyingine yapite majuma 4 au zaidi. Basi mtoto wetu alipata ya pili juma la 20, na ya tatu juma la 24. Ile ya surua ilibaki mahali pake, miezi 9, na tena miezi 18.

Lakini msiseme, "Kumbe hakuna haraka!" Kifaduro huua hasa watoto wachanga, na kila siku ya kuchelewa mtoto hana kinga kamili. Tena chanjo ya matone ya kuzuia kuhara ina mwisho wa umri. Hata kadi ikipotea, mpelekeni mtoto. Muuguzi ndiye atakayeamua la kufanya.

Wazee walisema, kawia ufike. Wazazi wengi hawakujaliwa kusoma, sisi tumejaliwa. Basi jioni hii ombeni kadi za wadogo zenu, mzisome.