Sura si Aya, Ingawa Zote ni Namba



Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu. Programu nilijifunza kama somo la ziada tu. Ramadhani iliyopita niliandika programu ndogo kwa lugha ya C, ya kuonyesha aya ukutani wakati wa darsa. Siku ya kwanza ustadh aliomba Al-Baqara aya ya 3, inayowataja wanaoamini ghaibu. Ukutani ikatokea Aal Imran aya ya 2. Ustadh akaniangalia, kisha akaisoma kwa hifdhi. Aibu ile nilifuturu nayo.

Ndani ya programu nilikuwa nimetanguliza aya mahali pa sura. (Nilikuwa nimeijaribu kwa 1 na 1 tu!) C hukagua aina za data kabla programu haijaanza kufanya kazi, lakini kwangu sura na aya zote zilikuwa namba nzima, kwa hiyo haikuona kosa. Tena safu zake huhesabu nafasi kuanzia 0. Ukisahau kutoa moja, anayeomba Al-Fatiha anapewa Al-Baqara.

Baadaye nikakutana na Ada, lugha iliyosanifishwa 1983 na kupewa jina la Ada Lovelace. Humo hata namba ya nafasi katika safu hupewa aina:

type Sura is range 1 .. 114;
type Aya is range 1 .. 286;
Idadi : array (Sura) of Aya;

Idadi ina nafasi 114, kuanzia 1, na kila nafasi inabeba idadi ya aya za sura hiyo. 286 ni za Al-Baqara, ndefu kuliko zote. Nikitaka kuifungua kwa kigeu cha aina ya Aya, kompaila inakataa nikiwa bado chumbani kwangu, si mbele ya watu. Na mtu akiandika sura ya 115, programu inatangaza kosa. C ingeweza kusoma kumbukumbu iliyo nje ya safu na kuendelea kama kawaida.

Lakini msidhani kazi imekwisha. Al-Kawthar, sura ya 108, ina aya 3. Mtu akiomba aya yake ya 7, aina zote mbili zinapita, maana 108 ni Sura halali na 7 ni Aya halali. Hapo nimeandika ukaguzi kwa mkono wangu: kwanza itazamwe Idadi ya sura hiyo, na aya ikizidi, ukuta ubaki mtupu.