Sato wa bwawa hapunguzi nguvu za kiume

SWALI: Mume wangu amechimba bwawa hapa Nyamwaga, Tarime, na anafuga sato. Majirani wanasema samaki hao wanageuzwa jinsia kwa dawa, eti mwanamume akiwala anaishiwa nguvu na watoto wa kiume wanaota matiti. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka miwili alikula, usiku akatapika na kuharisha. Bibi yake akasema ni sumu ya samaki, akamnywesha maziwa mabichi yenye mkaa wa kusaga. Kutapika kumeisha ila bado anaharisha, na juzi niliona damu kidogo. Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Niache kula samaki hawa?

JIBU: Umeniuliza habari za samaki, nami nitakujibu, lakini kwanza mchukue huyo mtoto umpeleke kituo cha afya leo hii. Mtoto wa miaka miwili aliyeharisha wiki nzima na sasa anatoa damu alipaswa kuonwa siku nyingi zilizopita.

Maziwa hayaui sumu. Nalirudia hili kila mara, na bado karibu kila mtoto anayeletwa kwetu akiwa amekunywa mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe au chakula kilichoharibika, huja midomo ikiwa myeupe kwa maziwa. Yale yanayotoka moja kwa moja kwa ng'ombe bila kuchemshwa huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, kwani yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na hata kifua kikuu. Mkaa wa jikoni nao ni hatari zaidi. Watu wamesikia kwamba hospitali tunao mkaa wa kutibu sumu. Ni kweli tunao, lakini ule hutengenezwa kwa namna yake, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na hapewi kila mtu. Mtoto anayetapika akinyweshwa unga wa mkaa wa jikoni anaweza kuuvuta ukaingia kwenye mapafu, na hapo tunakuwa na mtoto anayeharisha na asiyeweza kupumua. Bibi alimpa kwa upendo, najua. Mwambie kwa heshima asirudie.

Wakati unajiandaa kwenda, mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na kama bado ananyonya, aendelee kunyonya. Kituoni watampa pia vidonge vya zinki, avimalize siku walizoandika hata kama ameacha kuharisha. Ukiona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, hakojoi, au amelegea hataki hata kunywa, usisubiri gari la kesho. Panda bodaboda saa hiyohiyo.

Sasa tuje kwa sato. Uvumi huu nausikia kuanzia Sirari hadi Mugumu, na umechosha. Una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haufi. Ni kweli kwamba baadhi ya wazalishaji wa vifaranga huchanganya homoni kwenye chakula cha samaki wachanga. Sababu yake ni hii: sato jike huzaa mapema na mara nyingi, bwawa linajaa vitoto, chakula kinagawanyika, na mwisho wa msimu mfugaji anavua samaki wa ukubwa wa kiganja. Dume hukua haraka. Kwa hiyo vifaranga hulishwa homoni hiyo kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo ili wote wakue madume. Baada ya hapo haiendelei kutolewa.

Angalia hapo wasimuliaji walivyokosea. Homoni yenyewe ni ya kiume. Hawa wanaosema itamfanya mwanamume awe mwanamke wameugeuza hata uvumi wao wenyewe juu chini. Halafu hesabu muda. Kifaranga anapolishwa homoni hafikii hata gramu moja. Anakuja kuvuliwa baada ya miezi sita au zaidi, akiwa na gramu mia mbili, tatu au zaidi. Mwili wa samaki huiondoa homoni hiyo ndani ya siku na wiki chache baada ya kuachishwa, kwa hiyo kwenye sahani yako hakuna kiasi cha kumdhuru mtu mzima wala mtoto.

Homoni hiyo inamhusu anayeishika, na hili majirani hawalisemi. Kama mumeo ananunua vifaranga vilivyo tayari, halikuhusu. Lakini kama siku moja ataamua kuzalisha mwenyewe na kuchanganya unga huo, avae glavu na barakoa, na wewe mwenye mimba usiuguse kabisa, wala usichanganywe kwenye sufuria ya nyumbani. Kwa mtoto aliye tumboni, hasa wa kike, homoni ya kiume si kitu cha kuchezea.

Na wale wanaume wanaoishiwa nguvu? Wapo, nawaona. Nikiwapima, wengi nakuta sukari, presha, pombe iliyonywewa miaka mingi, sigara, au mawazo. Mwanamume akimlaumu sato, haendi kupima. Anakunywa mizizi, sukari inaendelea kula mishipa, na anapofika kwetu kidonda cha mguu kimeshaoza. Uvumi wa samaki unakata watu miguu, na silisemi hilo kwa kutia chumvi. Kuhusu wavulana, wengi wa miaka 13 au 14 huota titi dogo la muda hata kama hawajawahi kuonja samaki. Kwa kawaida linaisha lenyewe ndani ya mwaka au miwili. Lisipoisha, njooni tuliangalie.

Kama hofu yenu ni ya maji ya bwawa, hiyo naiheshimu. Watu wa Nyamongo wanaukumbuka mwaka 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia Mto Tigithe. Machi 2022 samaki walielea wamekufa Mto Mara, na kamati ya serikali ikasema vinyesi vya mifugo na mimea iliyooza vilimaliza hewa ndani ya maji. Wako walioikataa taarifa hiyo. Mimi nachukua somo moja linalomfaa mfugaji: samadi ya kuku au ya ng'ombe ikizidi bwawani hufanya hivyohivyo. Ukikuta asubuhi samaki wanahema juu ya maji, huenda samadi imezidi. Samaki aliyekutwa amekufa azikwe. Haliwi wala hauzwi.

Zebaki ni jambo zito zaidi. Wachimbaji wadogo wa Tarime na Serengeti wanaitumia kukamatia dhahabu, ingawa Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu wanaugua ugonjwa wa neva, uliotokana na zebaki iliyoingia baharini na kukusanyika ndani ya samaki. Basi bwawa lisiwe bondeni chini ya mwalo wa kuoshea mawe wala karibu na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa. Sato wa kufugwa hula vya chini kwenye mnyororo wa chakula na huvuliwa akiwa mdogo, hivyo hukusanya zebaki kidogo kuliko sangara mkubwa anayekula samaki wenzake. Na kama nyumbani kwenu kuna anayechoma zebaki jikoni, moshi wake unamfikia mwanao tumboni haraka kuliko samaki yeyote.

Sasa niambie, nani anaingia bwawani kung'oa majani? Bila shaka ni watoto, peku, suruali zimekunjwa. Kwenye majani ya ukingoni hukaa konokono wa kichocho, na vijidudu vyao hupenya ngozi katika dakika chache bila kuacha jeraha. Kichocho hakiambukizwi kwa kula samaki. Sitakuchosha na njia vijidudu hivyo vinazopita mwilini. Ujue tu kwamba ini huharibika polepole kwa miaka, na mtu huja kutapika damu beseni zima akidhani amerogwa. Fyekeni ukingo, vaeni gambuti, choo kiwe mbali, mtoto asikojoe wala kujisaidia humo. Damu uliyoiona kwenye choo cha mtoto inaweza kuwa ya kuhara damu, inaweza kuwa ya kichocho. Kuna kipimo cha kuzitofautisha, na dawa ya kichocho ipo. Hata mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza hutibiwa.

Kula sato wako, mama, mara mbili au tatu kwa wiki, aliyepikwa akaiva hadi kwenye mfupa. Mtoto wako tumboni anahitaji mafuta yake kujenga ubongo, na wa miaka miwili atahitaji nyama yake akipona. Sera ya afya inamsamehe malipo mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali. Mpeleke leo, na ukifika hapo na wewe omba kupimwa.